Mume wangu anataka tuendeshe usiku kucha na watoto hadi Tukuyu

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Chumbageni, Tanga. Wa kwanza ana miaka saba, wa pili ana minne, na wa mwisho ana miezi tisa na bado ananyonya. Likizo ya Juni tunakwenda Tukuyu kwa mama mkwe, ambaye hajamwona mjukuu wake huyu mdogo. Mume wangu anataka tuondoke Ijumaa saa 4 usiku, akishatoka kazini na kufunga mizigo, tuendeshe usiku kucha ili Jumamosi tuwahi chakula cha mchana kwa mama. Anasema usiku watoto watalala, hakuna joto, hakuna tochi za trafiki, na kwamba kaka yake hufanya hivyo kila mwaka. Mimi siendeshi gari. Nilipomwambia kuwa naogopa, alisema mimi ni mwoga na kwamba nataka tupoteze hela za gesti bure. Nimkatalie vipi bila kuivunja safari wala kumvunjia heshima?
Mama wa Watatu

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nahesabu saa kwa vidole kama mtoto wa darasa la kwanza, kwa sababu jibu la swali lako limo ndani ya saa hizo kuliko lilivyomo ndani ya woga wako.

Kwanza nimtendee haki mumeo, maana hoja zake si za mtu asiyejali. Ni kweli kwamba watoto wadogo husafiri vizuri wakiwa wamelala, na ni kweli pia kwamba gari lililojaa watu watano na mizigo, likipita Mkata na Chalinze jua likiwa utosini, huwa ni adhabu kwa kila aliyemo. Wala hayuko peke yake kuupenda usiku: mabasi ya abiria, ambayo kwa miaka mingi yalikatazwa kutembea usiku, yaliruhusiwa tena mwaka 2023, na watu wengi wamefurahi. Lakini basi la safari ndefu hutakiwa kuwa na madereva wawili, mmoja akiwa usukanini na mwingine akipumzika. Gari lenu lina dereva mmoja, naye atakuwa ametoka kazini.

Sasa tuhesabu pamoja. Ikiwa mumeo huamka saa 11 alfajiri siku za kazi, kama wanavyoamka watu wengi wa Tanga wenye watoto wa shule, basi saa 4 usiku mnapofunga mlango wa nyumba atakuwa amekaa macho kwa saa 17. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walichapisha matokeo ya jaribio walilowapima watu walewale, mara wakiwa wamekosa usingizi na mara wakiwa wamekunywa pombe, kwa vipimo vilevile vya umakini, nao wakaona kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya makosa sawasawa na mwenye kileo cha asilimia 0.05 kwenye damu, na kwamba akifika saa 24 huwa ni sawa na mwenye asilimia 0.1. Kwa maneno mengine, mumeo ambaye pengine hagusi pombe kabisa ataanza safari akiwa kama aliyekwisha kunywa, na ataendelea kunywa kwa kila saa inayopita.

Endelea kuhesabu. Kwa mwendo wa kawaida mtafika Chalinze yapata saa 8 usiku, Morogoro saa 9 na nusu, na saa 11 alfajiri, pale anapotimiza saa 24 kamili bila usingizi, mtakuwa katikati ya Hifadhi ya Mikumi. Barabara ile hukatiza ndani ya hifadhi kwa takribani kilomita 50, na tembo, nyati na twiga huivuka wanapotaka wao. Ndiyo maana mwendo umepunguzwa humo na matuta yakawekwa, na ndiyo maana pana mabango yanayotaja faini ya kila mnyama atakayegongwa. Mwili wa binadamu nao una mazoea yake: usingizi huwa mzito kupita wakati wote kati ya saa 8 usiku na saa 11 alfajiri, hata kwa aliyezoea kukesha. Mumeo amejipangia kulipita pori lenye tembo katika saa yake mbaya kuliko zote. Baada ya hapo kuna mlima wa Kitonga, ambako malori ya Tunduma na Zambia hupanda yakitambaa kwenye kona, na ataufikia akiwa katika hali mbaya zaidi, huku watoto nao wameamka na wanataka kila mmoja jambo lake. Sina shaka watoto watalala usiku, kama anavyosema. Tatizo ni kwamba wataamka hasa pale baba yao anapokuwa hana nguvu tena ya kuwasikiliza.

Atakwambia atakunywa kahawa. Kahawa chungu ya Tanga naiheshimu, lakini huhitaji kama nusu saa ndipo ianze kufanya kazi mwilini, na kazi yake ni kuahirisha usingizi tu. Deni lenyewe linabaki palepale. Kufungua dirisha na kuongeza sauti ya muziki hakusaidii chochote, isipokuwa kumwamsha mtoto wa miezi tisa.

Nikusimulie jambo moja langu, halafu nirudi kwako. Miaka mingi iliyopita tulikuwa tunatoka Dodoma kuja Tanga usiku, mimi na marehemu mume wangu, na watoto wawili wamelala nyuma kwenye khanga. Tulikuwa tunaingia Kabuku aliponiuliza, kwa sauti tulivu kabisa, kama tumeshaipita Mkata. Mkata tulikuwa tumeiacha zamani, tena kwa kupunguza mwendo kulikwepa lori lililoharibika, lililowekewa matawi ya miti barabarani. Yeye ndiye aliyelikwepa lori lile, na hakukumbuka. Macho yalikuwa wazi, mikono ilikuwa usukanini, lakini mwenyewe hakuwapo. Tuliegesha gari kituo cha mafuta cha pale Kabuku hadi kukapambazuka, na hakuna aliyemwita mwenzake mwoga.

Kwa hiyo neno "naogopa" liweke pembeni, maana linampa nafasi ya kujadili tabia yako badala ya safari. Mtafute wakati ametulia, ameshakula, watoto wamelala, umwambie: "Baba fulani, hoja zako zote nimezikubali, isipokuwa hujamhesabu mtu mmoja, nawe ndiye huyo." Kisha mpe ratiba iliyo tayari, kwa sababu mwanamume aliyekwisha kupanga safari hapendi kupokonywa mpango, lakini mara nyingi hukubali kurekebishiwa.

Ratiba ninayoipendekeza ni hii. Ijumaa jioni mizigo ifungwe, na yeye alale saa 3 usiku, wewe ukibaki kumalizia yaliyosalia. Jumamosi mwondoke saa 11 alfajiri. Hapo mmempa karibu kila alichokitaka: watoto watabebwa wakiwa usingizini na wataendelea kulala hadi Segera na mbele yake, na sehemu ya joto la mwambao mtaiacha nyuma kabla jua halijakaza. Morogoro mtafika kabla ya adhuhuri, mpumzike na kula kwa saa nzima. Mikumi mtapita mchana, na yule wa miaka saba ataona pundamilia dirishani bure, jambo ambalo baba yake alikuwa anapanga kumpitisha gizani. Jioni mlale Iringa. Mkiona watoto wamechoka au yeye amechoka, laleni Mikumi mjini au Ruaha Mbuyuni, na msione haya kubadilisha. Jumapili mnazimaliza zile kilomita 400 hivi zilizobaki, kwa Makambako na Uyole, mkifika Tukuyu mchana kweupe. Safari nzima ni takribani kilomita 1,000. Watu wetu husema Tanga waja leo waondoka leo, lakini hawakusema kwamba ni lazima walale Tukuyu siku hiyohiyo.

Kuhusu hela za gesti, usibishane naye juu ya bei. Mwonyeshe unavyoweza kuzifidia: pika nyumbani chakula cha siku ya kwanza, wali mkavu, maandazi, mayai ya kuchemsha na maji ya kutosha, na ile fedha ambayo ingeishia kwenye chipsi za njiani ilipie chumba. Kuhusu kaka yake sina la kusema, ila kuuliza kama kaka yake naye husafiri na mtoto anayenyonya.

Lipo jambo jingine ambalo hukuniuliza, nami naliona ni kubwa kuliko gesti. Mama mkwe ameahidiwa chakula cha mchana cha Jumamosi. Ahadi hiyo ndiyo itakayomsukuma mumeo kukanyaga mafuta, zaidi hata ya ukaidi wake, kwa sababu hakuna mtoto wa kiume anayependa mama yake akae na chungu mekoni akimsubiri. Mpigie wewe mwenyewe, leo, kabla hajaanza kutafuta kuku. Mwambie: "Mama, tumeona mjukuu wako ni mdogo mno kwa safari ya siku moja, tunalala njiani ili akufikie akiwa mzima na anacheka, tutakuwa hapo Jumapili." Bibi gani atalikataa hilo? Ila umwarifu mumeo kwanza kwamba unapiga, ili asisikie kwa mama yake. Na siku ya safari simu yake ikae mkononi mwako. Ndugu wa Tukuyu watapiga kila saa kuuliza mmefika wapi, na ni wewe wa kuwajibu.

Juu ya watoto wenyewe nitasema machache. Mtoto wa miezi tisa asisafiri mapajani mwako mbele, hata kama ndivyo ilivyozoeleka kwetu. Gari likisimama ghafla mikono ya mama haina nguvu ya kumzuia, hata awe anampenda vipi. Mtafutieni kiti cha mtoto, hata cha kuazima kwa jamaa, afungwe kiti cha nyuma nawe ukae kando yake, na wale wakubwa wafunge mikanda. Akitaka kunyonya, gari lisimame. Usimtoe kwenye kiti gari likiwa mbioni kwa kuhofia kumchelewesha baba yake. Pangeni kusimama kila baada ya saa mbili, na kila mtu ajisaidie kabla ya kuingia hifadhini, kwa kuwa humo hakuna kushuka kichakani. Kabla ya Kitonga wasipewe chakula kizito, maana kona zile huwatapisha hata watu wazima. Biskuti kavu na maji kidogo kidogo vinatosha, na mifuko iwe karibu. Yule wa miaka minne mbebee poti.

Lakini la baridi nataka ulichukulie kwa uzito, kwa sababu watu wa pwani hulidharau mpaka liwakute. Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, Makambako iko juu zaidi, na Juni ni katika miezi ya baridi kali huko. Asubuhi ya Tukuyu utakuta ukungu umekaa juu ya migomba na michai kama moshi wa kuni mbichi. Watoto waliozoea kulala na fulana Chumbageni wataamka Iringa wakitetemeka. Sweta, soksi na kofia zisifungwe kwenye sanduku la chini kabisa la buti. Ziwe kwenye mfuko wako miguuni, pamoja na blanketi moja la mtoto. Machungwa ya Muheza unayompelekea bibi ndiyo yakae chini, tena nunua gunia la pili, kwa sababu la kwanza watoto watalifungua kabla hamjafika Morogoro.