Mbu Mmoja, Marudio Matatu: Somo Lililonigharimu Kazi

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa kijana anayesomea stashahada ya takwimu za afya mjini Kakamega. Aliandika hivi: "Dada, hujambo. Nimeanguka mtihani kwa sababu ya neno moja. Mwalimu wa fizikia alitufundisha kwamba frikwensi ni mitetemo kwa sekunde, mwalimu wa takwimu anasema ni hesabu ya vitu, na nyumbani tukisema jambo hutokea mara kwa mara hatuhesabu chochote. Ni ipi iliyo sahihi?" Nilipomaliza kuusoma nilikaa kimya kwa muda, kwa maana neno hilo hilo, ambalo mimi huliita marudio, ndilo lililonitoa kazini miaka sita iliyopita, na ndilo lililonipatia, mwezi uliopita, nafasi niliyonayo sasa ya kusimamia takwimu katika mradi wa afya hapa Kisumu. Nimeona nimjibu hadharani, kwa kuwa najua wengi wenu mnatafuta kazi za namna hii na mtaulizwa swali hili siku moja.

Wakati huo nilikuwa karani wa rekodi katika kituo kidogo cha afya nje ya mji. Kila mwisho wa mwezi niliichukua rejista ya maabara na kuwahesabu wote waliopatikana na malaria. Nilihesabu kwa vijiti, vinne vikiwa vimesimama na cha tano kikivikata kwa mshazari, kisha nikaanza fungu jingine. Bado naiona karatasi ile: mwezi wa Aprili mafungu tisa na vijiti vitatu, yaani wagonjwa 48, mwezi wa Mei mafungu kumi na manne na vijiti viwili, yaani wagonjwa 72. Nilirudia hesabu mara tatu ili nisikosee hata kijiti kimoja, nikaandika kwenye ripoti kwa mwandiko wangu bora kwamba marudio ya malaria yalikuwa yameongezeka kwa asilimia 50, nikaenda kwenye kikao nikiwa nimevaa blauzi niliyoipiga pasi usiku uliotangulia.

Afisa aliyeongoza kikao alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Msichana, kati ya wangapi?" Sikulielewa swali, nikamjibu kwamba walikuwa 72. Akaniuliza tena kwa sauti ya juu zaidi, na watu wakaanza kutazama meza. Aliifungua rejista yeye mwenyewe na kusoma: Aprili tuliwapima watu 120, Mei tukawapima 240, kwa sababu vipimo vya haraka vilikuwa vimeadimika Aprili na shehena mpya ililetwa mwezi uliofuata. Kwa hiyo Aprili waliopatikana na ugonjwa walikuwa asilimia 40 ya waliopimwa, na Mei walikuwa asilimia 30. Idadi ilikuwa imepanda huku sehemu ya jumla ikishuka. Mbele ya watu wapatao ishirini aliniambia kwamba nimewaletea habari ya vipimo nikidhani ni habari ya malaria, na kwamba mtu wa kuhesabu magunia sokoni angeifanya kazi ile vizuri kuliko mimi. Mkataba wangu ulipokwisha haukuongezwa. Kuhusu hesabu alikuwa na haki. Kuhusu namna ya kusema na binti wa miaka ishirini na miwili hakuwa na haki hata kidogo, na sioni aibu kukiri kwamba maneno yale bado yananiuma.

Miaka iliyofuata siisimulii kwa urefu. Mchana niliuza mitumba katika soko la Kibuye, usiku nilisoma. Jambo nililolitafuta katika kila kitabu nilichoazima lilikuwa moja tu: kwa nini neno nililoliona jepesi kiasi kile lilinigeuka mkononi? Jibu nililipata kitandani, usiku mmoja ambao chandarua changu kilikuwa na tundu.

Mbu aliyeingia usiku ule alinifundisha maana zote tatu. Kwanza, alinijia mara kwa mara. Hayo ni maneno ya kila siku, na yana kazi yake, lakini yaangalie vizuri. Tunaposema "mara kwa mara", "mara nyingi", "aghalabu" au "kwa nadra", tunalinganisha jambo na mazoea yetu wenyewe bila kuyataja. Mchuma chai wa Kericho na mfugaji wa Lodwar wanaweza kusema kwamba mvua hunyesha mara kwa mara, na kila mmoja akawa mkweli, ilhali mvua ya Lodwar ya miezi mingi huko Kericho ingeitwa kiangazi. Kipimo kimefichwa ndani ya kichwa cha msemaji. Kwa mazungumzo ya jirani na jirani hiyo si dosari. Kwa ripoti ni hatari.

Pili, mbu yule alikuwa na sauti. Ule mlio mwembamba unaotukera sikioni ni mabawa yanayopigwa mamia ya mara kwa sekunde moja, na hapa ndipo maana ya kisayansi inapoanza: jambo linalojirudia kwa mpangilio, likahesabiwa kwa kila kipande cha muda. Kipimo chake ni hezi, ambacho kimepewa jina la Heinrich Hertz, mwanafizikia wa Ujerumani aliyethibitisha kwa majaribio kati ya 1886 na 1888 kwamba mawimbi ya sumakuumeme, yakiwemo ya redio, yapo. Hezi moja ni mrudio mmoja kwa sekunde. Moyo unaopiga mara 72 kwa dakika una hezi 1.2. Umeme wa majumbani kwetu Kenya una hezi 50, maana yake mkondo huenda na kurudi mara hamsini kila sekunde, na ukisimama karibu na transfoma utasikia ikinguruma kwa hezi 100, kwa kuwa chuma chake hutetemeka mara mbili katika kila mzunguko mmoja wa mkondo. Sikio la kijana mwenye afya husikia kuanzia takriban hezi 20 hadi 20,000. Mlio wa mbu umo ndani kabisa ya eneo hilo, ndiyo maana hatupati usingizi.

Niruhusuni niseme jambo kuhusu lugha yetu, kwa sababu limewapoteza wanafunzi wengi niliowasaidia. Kwa Kiswahili cha redio frikwensi tunaiita "masafa", na neno hilo asili yake ni umbali. Redio ya zamani ya babu ilikuwa na kitufe cha masafa mafupi, na ufupi unaotajwa pale ni wa urefu wa wimbi, kutoka kilele hadi kilele. Wimbi linapokuwa fupi, marudio yake kwa sekunde huwa mengi, kwa sababu mawimbi yote ya redio husafiri kwa kasi moja ya takriban kilomita 300,000 kwa sekunde. Stesheni ya FM iliyo kwenye megahezi 100, yaani hezi milioni 100, ina wimbi la urefu wa mita tatu, na ile ya megahezi 6 ina wimbi la mita hamsini. Mwanafunzi anayelichukua neno "masafa" kwa urefu na kwa marudio kwa wakati mmoja atajibu kinyume kila mara, kisha alaumiwe kwamba hakusoma. Mimi hutumia "marudio" kwa hesabu na "urefu wa wimbi" kwa umbali, na nawashauri mfanye hivyo hata pale mwalimu asipojali.

Tatu, mbu yule huenda aliniachia malaria, na kama ningeenda kupimwa ningekuwa kijiti kimoja katika rejista ya mtu mwingine. Hiyo ndiyo maana ya takwimu: ni mara ngapi thamani fulani imejitokeza katika kundi la vitu vilivyohesabiwa. Hapa sekunde haina nafasi. Chukua methali "Haba na haba hujaza kibaba" uihesabu herufi moja moja kwa vijiti, kama nilivyomwambia kijana wa Kakamega afanye. Utapata herufi 22, na kati yake a zipo 9, b zipo 4, h zipo 3, na zile sita zilizobaki zimetokea mara moja moja. Marudio ya a ni 9. Lakini 9 hiyo peke yake haisemi lolote kwa mtu ambaye hajaiona methali, kwa maana a tisa katika ukurasa mzima wa gazeti la Kiswahili zingekuwa ajabu ya uchache. Ukisema 9 kati ya 22, takriban asilimia 41, umesema jambo. Mwaka ule niliandika 72 nikaacha upande wa pili wa sentensi.

Nimependa sana kisa cha John Kerrich, mwanahisabati wa Afrika Kusini aliyezuiliwa Denmark wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akautumia muda wa kifungo chake kurusha sarafu mara 10,000 na kuandika kila tokeo. Katika mara 100 za kwanza upande wa kichwa ulitokea mara 44, pungufu ya nusu kwa mara 6. Alipofika mara 10,000 ulikuwa umetokea mara 5,067, zaidi ya nusu kwa mara 67. Tazameni kwa makini: pengo la hesabu lilikua kutoka 6 hadi 67, lakini sehemu ya jumla ilisogea kutoka asilimia 44 hadi asilimia 50.67, karibu kabisa na nusu. Hesabu na sehemu ya jumla zinaweza kwenda njia tofauti bila yeyote kudanganya. Niliposoma jambo hilo nililia, kwa sababu ndilo lililonipata kwenye kikao kile, na hakuna aliyenieleza kwa upole ambao mfungwa yule ameueleza kwa sarafu.

Baada ya miaka nimeona pia kwamba afisa yule hakulifikisha swali lake mwisho. Vipimo vikiwa haba, mhudumu huwapima walio hoi zaidi, na walio hoi zaidi ndio wanaoelekea kuwa na ugonjwa. Huenda basi asilimia 40 ya Aprili ilipanda kwa sababu ya uchaguzi huo, na kushuka hadi 30 kukawa hakuna maana aliyoidhania. Kuuliza "kati ya wangapi" ni mwanzo tu. Swali linalofuata ni "wangapi hao waliingiaje katika hesabu?"

Kuna swali la muda pia. Baba yangu mdogo analima mpunga uwanda wa Kano, na mafuriko ya mto Nyando yalipoondoka na mbegu zake alimsikia mtu akisema kwamba hayo ni mafuriko ya miaka mia moja. Alipanda tena mahali pale pale, akiamini kwamba yeye na wanawe wamekwisha kuvuka. Maneno hayo huwa na maana nyingine kabisa: kila mwaka kuna uwezekano wa asilimia 1, iwe mwaka jana mto ulifurika au haukufurika. Mtu akikaa mahali hapo miaka thelathini, uwezekano wa kuyaona angalau mara moja ni takriban asilimia 26, zaidi ya robo. Nilimkalisha chini nikamwonyesha kwa punje za mpunga. Alinisikiliza, na msimu huu amehamishia kitalu chake mahali palipoinuka.

Mwezi uliopita nilikaa mbele ya jopo la watu watano, na mmoja wao akaniuliza nieleze maana ya frikwensi kwa mtu asiyesoma takwimu. Niliwaeleza habari za mbu: kuja kwake, mlio wake, na vijiti anavyoviacha katika rejista. Niliwaambia kwamba maana ya kwanza huficha kipimo, ya pili hudai muda, ya tatu hudai jumla, na kwamba mtu anayezichanganya anaweza kuhesabu kwa usahihi kamili na bado akapotosha wilaya nzima. Mwenyekiti aliweka kalamu chini. Siku tatu baadaye nilipigiwa simu. Najivunia jibu lile, na najivunia zaidi kwamba nililipata bila mtu kunishika mkono.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Kakamega, walimu wako wote wawili wako sahihi, na nyumbani kwenu pia hawajakosea. Kabla hujaandika neno hilo katika mtihani au ripoti, jiulize kati ya ngapi, au kwa muda gani, na uliandike jibu hilo hapo hapo kando ya namba. Usiache namba peke yake. Nimekwisha kusema na ninarudia: usiache namba peke yake, kwa maana kuna mama aliyebeba mtoto mwenye homa anayesubiri dawa zigawanywe kwa kufuata ulichoandika, na shehena ikipelekwa kituo chenye vijiti vingi badala ya kituo chenye ugonjwa mwingi, hatakuja kukuuliza wewe.

Jumatatu naanza kuwafunza makarani wapya wanane. Nimekwisha kuchora ukurasa wa rejista ubaoni. Safu ya waliopimwa nimeiweka kushoto kabisa, kabla ya safu ya waliopatikana na malaria, na nitawataka waijaze hiyo kwanza. Nikimsahihisha mmoja wao, nitafanya hivyo tukiwa wawili tu, mlango ukiwa umefungwa.