Maswali ya Wachezaji: Margit Langoni, Malenia Mizizini

Barua tulizozichagua mara hii zinahusu mchezo mmoja, Elden Ring, uliotolewa na kampuni ya FromSoftware ya Japani tarehe 25 Februari 2022 chini ya uongozi wa Hidetaka Miyazaki. Wawili kati ya walioandika wamekwama kwa bosi, yaani adui mkuu, na wa tatu amekwama kwa mwanawe.

SWALI: Mhariri, salamu sana. Mimi huchezea katika chumba cha kulipia kwa saa hapa Kisauni kila Jumamosi, na pesa zangu zote zinaishia kwa Margit, yule mzee wa pembe na mkia anayelinda lango la ngome ya Stormveil. Nimemkimbilia, nimemkimbia, na kote ni mauti. Wenzangu wanaongoja zamu hunipigia kelele nibonyeze duara, kitufe cha kukwepa, haraka zaidi. Je, kasi ya vidole ndiyo siri? (Kijana wa Kisauni)

JIBU: Ndugu yetu, salamu zimefika. Ushauri wa hao wenzako ndio unaokuua. Margit ametengenezwa makusudi amwadhibu mchezaji anayeharakisha: huinua fimbo yake, akaisimamisha hewani kitambo, kisha akaishusha wakati ambapo mwenye pupa ameshaviringika, ameinuka na hana kinga tena. Kitufe cha duara hukupa kipindi kifupi mno ambacho pigo hupita mwilini bila kukudhuru, na kipindi hicho ukikitumia mkono ungali juu, huna kingine mkono unaposhuka. Abiria anayeruka kabla feri ya Likoni haijatua mlango huangukia majini hata akiwa hodari wa kuruka, na hali yako mbele ya Margit ndiyo hiyo. Usiutazame mkono unavyopanda. Utazame unapoanza kushuka, ndipo ubonyeze, na ubonyeze mara moja tu. Mchezo huu huhifadhi amri ya kidole hata kama mwili wa shujaa bado una shughuli nyingine, kwa hiyo mibonyezo mitatu ya hofu huzaa mviringiko wa ziada ambao hukuuomba, na mara nyingi ndio unaokupeleka chini ya fimbo.

Jambo la pili ni upande wa kuelekea. Wengi hurudi nyuma kwa sababu ndivyo mwili unavyotaka, ilhali fimbo ni ndefu na Margit ana visu vya nuru anavyovirusha, hasa anapokuona umesimama mbali unakunywa dawa. Viringika kumwelekea, upite ubavuni mwake, utokee mgongoni, umpige mara moja au mbili na usitamani ya tatu, kwa maana mkia wake nao hufagia nyuma. Angalia pia ule mstari wa kijani wa pumzi chini ya mstari wa uhai: ukiumaliza kwa kupiga, hubaki na pumzi ya kuviringikia. Dawa inywe mara tu baada ya yeye kumaliza mfululizo wa mapigo, ukiwa bado karibu naye. Uhai wake ukishapungua vya kutosha atachomoza nyundo kubwa ya nuru na kuruka nayo juu. Hapo pita chini yake kwenda mbele, usibaki kule anakotua.

Hayo ni ya pambano lenyewe, lakini kwa maoni yetu tatizo lako kubwa ni kwamba umefika langoni mapema. Mwanga wa njia hukuelekeza Stormveil tangu mwanzo, na wachezaji wengi huufuata wakidhani ni lazima, kumbe eneo lote la Limgrave na ile rasi ya kusini, Weeping Peninsula, limewekwa ujiimarishe kwanza. Katika rasi hiyo kuna makanisa matatu yenye chozi takatifu, na kila chozi huifanya chupa yako nyekundu irudishe uhai mwingi zaidi. Katika magofu ya kanisa la Elleh, unapoanzia safari, kuna fuawe unayoweza kuboreshea silaha hadi daraja la 3, kwa jumla ya mawe 12 ya uhunzi ya namba 1, ambayo hupatikana kwa wingi katika mgodi ulioko kaskazini mwa ziwa la Agheel. Mchezaji mwenye silaha ya daraja la 3, aliyepandisha sifa ya Vigor, yaani uhai, hadi karibu 20, husamehewa kosa moja au mawili, na wewe kwa sasa husamehewi hata moja. Pima na mzigo: ukivaa vitu vizito kupita asilimia 70 ya uwezo wako, shujaa huviringika kama gunia, na hakuna wakati sahihi wa kidole utakaokuokoa.

Usidharau wasaidizi. Ukirudi kanisa la Elleh usiku, baada ya kupewa farasi, utamkuta mwanamke mwenye kofia pana aitwaye Renna, naye atakupa kengele ya kuitia roho pamoja na mbwa mwitu watatu. Mbwa hao hawadumu sana, lakini kila Margit anapowageukia wao, mgongo wake ni wako. Karibu na ukungu wa kuingilia uwanjani kuna pia alama ya dhahabu ya kumwita mchawi Rogier. Yeye ana nguvu kuliko mbwa, ila ujue kwamba kumwita mtu wa namna hiyo huongeza uhai wa bosi, na roho za kengele haziongezi. Kisha kuna pingu. Katika pango la Murkwater, ukifungua sanduku, atakurukia mtu mwenye upara aitwaye Patches. Mpige mpaka aombe msamaha, kisha uuzuie mkono wako, maana baadaye atafungua duka na kukuuzia pingu ya Margit kwa runi 5,000, ndizo fedha za mchezo huu. Ukiitumia katika sehemu ya kwanza ya pambano humbwaga chini, na hufanya kazi mara mbili.

Ikiwa baada ya hayo yote bado humtaki uso kwa uso, ipo njia ya ukingoni mwa genge, mashariki mwa ngome, inayokupitisha hadi Liurnia, eneo linalofuata, bila kumgusa. Si aibu kuipita, kisha ukarudi ukiwa na nguvu.

Neno moja kuhusu hicho chumba unacholipia: kagua runinga yenyewe. Runinga nyingi huipamba picha kabla ya kuionyesha, na mapambo hayo huchelewesha kile unachokiona nyuma ya kile ulichobonyeza. Mwombe mwenye chumba afungue mipangilio ya picha na kuchagua hali ya michezo. Dhidi ya adui ambaye silaha yake kuu ni kuchelewesha pigo, ucheleweshaji wa pili unaotoka kwenye kioo si haki.

SWALI: Mhariri, mwanangu yuko kidato cha pili. Kila nikimtuma dukani hunijibu, "Mama, mchezo huu hausimami." Je, ni kweli au ni uvivu? (Mama wa Mikindani)

JIBU: Mama, shikamoo. Asemalo ni nusu ya ukweli. Menyu ya kawaida haisimamishi kitu, na adui huendelea kupiga huku mchezaji akitafuta dawa mfukoni. Hata hivyo, akifungua menyu ya vifaa, akaita msaada na kuchagua maelezo ya menyu, dunia nzima husimama mpaka atakaporudi, mradi hachezi na wenzake mtandaoni. Akiwa nje ya pambano hana udhuru kabisa, kwa sababu mchezo hujihifadhi wenyewe na anaweza kuufunga wakati wowote. Akiufunga katikati ya pambano na bosi, atamkuta bosi amerudishiwa uhai wote, na hapo tunamwombea umwachie dakika chache amalize.

SWALI: Mhariri, mimi nimewashinda wote kwa ngao kubwa na mkuki, nikijikinga na kuchoma kwa zamu. Sasa nimefika kwa Malenia, bosi mwenye upanga, na naona jambo la ajabu: ninayakinga mapigo yake yote, lakini uhai wake unapanda. Nikimwita yule pacha wangu wa majivu, roho inayoninakili, unapanda zaidi. Je, mchezo una kasoro? (Dada wa Nyali)

JIBU: Dada yetu, hongera kwa kufika kwenye mizizi ya mti wa Haligtree, kwa kuwa huko hapafikiwi ila kwa kuunganisha vipande viwili vya medali ya siri, na mtu anaweza kuumaliza mchezo bila kujua kwamba mahali hapo papo. Hakuna kasoro. Malenia hupata uhai kila upanga wake unapogusa kitu, iwe mwili wako, roho uliyoiita au ngao iliyokuzuilia maumivu yote. Mtindo uliokubeba mpaka hapo ndio chakula chake.

Hatukushauri uitupe ngao, bali uipunguzie kazi. Udhaifu wa Malenia ni kwamba hana uzito: pigo zito la silaha kubwa, na hasa pigo la nguvu la kurukia, humyumbisha na kumkatiza. Huchuruzika damu na hushikwa na baridi kali katika sehemu zote mbili za pambano. Ushike mkuki wako kwa mikono miwili, kwa kubana kitufe cha pembetatu pamoja na cha R1, na uutie ujuzi wa kutoa damu, au, ikiwa sifa zako zinaruhusu, uchukue upanga mkubwa. Lengo ni uhai unaomtoa uzidi ule anaorudisha.

Lile shambulio lake linalowatoa watu machozi, anaporuka, akaelea hewani kwa pumzi moja, kisha akashuka na dhoruba ya mapanga, huanza kulitumia akishapungukiwa na uhai kiasi. Mara umwonapo ameelea, bonyeza R3, yaani kijiti cha kulia, ili macho yasimfuate, geuka na ukimbie moja kwa moja. Dhoruba ya kwanza itapiga hewa. Ya pili inapokujia, viringika kuelekea chini yake upite upande wa pili, na ya tatu vivyo hivyo. Akitua baada ya pigo la mwisho, una nafasi nzuri ya kumpiga. Ukinaswa ubavuni mwake pasipo nafasi ya kukimbia, hapo ndipo ngao yako iinuliwe: atapata uhai kidogo, lakini nawe utabaki hai.

Kuhusu pacha wa majivu, nguvu zake zilipunguzwa kwa sasisho la Machi 2022, na huitwa kwa gharama ya uhai wako mwenyewe, alama 660. Hunakili ulichovaa wakati unapomwita, kwa hiyo vua ngao kwanza, umwite, kisha uivae tena; pacha asiye na ngao hushambulia badala ya kusimama akikinga na kumlisha adui.

Sehemu ya pili huanza kwa yeye kupaa na kukuangukia akichanua ua jekundu lenye uozo, ugonjwa unaokula uhai polepole. Kimbia mbali, usubiri lipasuke. Kwa kitambo kidogo hubaki ndani ya ua bila kusogea, na huo ndio wakati wa kumrushia chochote ulicho nacho kutoka mbali, kwa kuwa anayeingia ndani ya petali hutoka na uozo. Beba tembe za kuuondoa.

Mwaka huo wa 2022 mchezaji mmoja alipata sifa dunia nzima kwa kuitikia wito wa wageni walioshindwa na Malenia na kumwangusha peke yake mbele yao, akiwa na panga mbili, kitambaa kiunoni na mtungi kichwani. Hakuwa na ngao. Nawe, dada, hukutaja kama umepandisha sifa ya nguvu au ya wepesi. Ukituandikia hilo, toleo lijalo tutakutajia silaha inayokufaa.