Jibu: King angeionaje Marekani ya leo?

Ndugu yangu, umeuliza kama Martin Luther King, yule mtetezi wa haki za Wamarekani Weusi, angeridhika leo, maadamu Barack Obama alishakaa Ikulu ya Marekani miaka minane. Kwa hilo angefurahi, sina shaka. Ila nadhani punde tu angeuliza habari za mishahara.

Wengi tunamkumbuka kwa ile hotuba ya "Nina ndoto", tukasahau kilichompeleka Memphis alikouawa tarehe 4 Aprili 1968. Alikwenda kusimama na wazoa taka waliogoma. Mwezi Februari wenzao wawili walijikinga mvua ndani ya gari la taka, mtambo wa kushindilia ukawasaga humohumo. Waliobaki wakaingia barabarani na mabango ya maneno machache: "Mimi ni mwanamume." Fikiria, mtu ana mvi na wajukuu, bado anaitwa "kijana" na Mzungu!

Maandamano ya Washington ya 1963 yalidai kima cha chini cha mshahara cha dola 2 kwa saa. Cha serikali kuu sasa ni dola 7.25, kimeganda hapo tangu 2009, na kwa jinsi bei zilivyopanda kinanunua kidogo kuliko zile dola 2 za wakati ule. Kweli hili linaniuma.

Halafu kuna Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya 1965, ambayo watu walipigwa virungu pale mji wa Selma, Alabama, wakiidai. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu iliing'oa meno: majimbo yenye historia ya ubaguzi hayalazimiki tena kuomba kibali kabla ya kubadili taratibu za uchaguzi. Hapo, ndugu yangu, naamini angevaa viatu na kurudi barabarani.