Maswali ya Wasomaji: Mgeni Mbudha, Mbaazi za Nazi na Mwezi Mpevu

Nina mgahawa karibu na bandari ya Mtwara. Msimu wa korosho huja wanunuzi kutoka Vietnam. Mmoja wao hula samaki kila siku, ila kuna siku alikataa hata mchuzi, akasema yeye ni Mbudha na ile ni siku yake. Wiki mbili baadaye akarudia hivyohivyo. Lakini aliwahi kuja mtawa wa Kibudha wa Sri Lanka, akala kuku bila shida. Nishike lipi? — Mama Lishe, Mtwara Mjini

Mama, shika yote mawili, maana hayo ni matawi mawili ya dini moja.

Watawa wa mwanzo walikuwa wakipita na bakuli kuomba chakula na kula walichopewa. Kanuni yao iliruhusu nyama kwa sharti la mambo matatu: mtawa hakuona mnyama akichinjwa kwa ajili yake, hakusikia hivyo, na hana sababu ya kushuku hivyo. Sri Lanka wanaifuata kanuni hiyo mpaka leo, ndiyo maana kuku wako aliliwa. Sharti lao gumu ni la saa: mtawa hali chakula baada ya saa sita mchana. Ukimwandalia saa saba, hata kiwe kitamu vipi, umechelewa. Na usimpe mkono. Watawa hao hawagusani na wanawake. Si dharau hata kidogo.

Vietnam waliupokea Ubudha zaidi kwa njia ya China, ambako mfalme Wu wa Liang, aliyetawala mwaka 502 hadi 549, aliwakataza watawa nyama kabisa. Waumini wa kawaida hawakubanwa hivyo, ila wengi huacha nyama na samaki mara mbili kwa mwezi, tarehe 1 na tarehe 15 za kalenda ya mwezi. Hizo ndizo wiki mbili ulizoziona.

Usizipige hesabu kwa mwandamo wetu, utakosea. Mwezi wao huanza siku ile mwezi uko gizani kabisa, kabla haujaonekana. Kwa hiyo tarehe 1 yao hututangulia kwa siku moja au mbili, na tarehe 15 yao huangukia kwenye 13 au 14 ya mwezi wa Kiislamu. Ukiona watu wanafunga zile siku nyeupe, yaani tarehe 13 hadi 15, jua mgeni wako naye yu karibu kukataa samaki.

Siku hiyo mpikie mbaazi. Kwa watu wanne, loweka nusu kilo ya mbaazi kavu usiku kucha, mwaga maji yale, kisha chemsha mpaka ziive kwa maji mapya. Kuna nazi mbili. Tui jepesi litangulie, lichemke na mbaazi pamoja na bizari, tangawizi na chumvi. Tui zito litie mwisho, moto ukiwa mdogo, na ukoroge bila kuacha mpaka lianze kutokota, kisha epua. Likichemka kwa nguvu hukatika, mafuta yakaelea juu na mchuzi ukabaki mabonge. Kitunguu maji na kitunguu saumu viache, kwa sababu wanaoshika sana huvihesabu pamoja na vitu vinavyochafua akili. Mayai na maziwa wengine hula, wengine hawali, muulize.

Mambo hayaharibikii kwenye mbaazi. Yanaharibikia kwenye mafuta yaliyokaangiwa samaki asubuhi, kwenye kiungo cha supu chenye kuku, na kwenye mwiko uliotoka kwenye sufuria ya dagaa. Tenga sufuria moja na mwiko wake, basi.

Buddha alikuwa mungu wao? Na alifundisha nini hasa? Vitabu vyetu vinamtaja kwa mistari miwili tu. — Mwanafunzi wa kidato cha tano, Lindi

Hapana, mwanangu. Alikuwa mtu, na hakudai kuwa mungu. Jina lake ni Siddhartha Gautama, wa ukoo wa Shakya, aliyezaliwa Lumbini, ambayo leo iko Nepal. Wataalamu hawakubaliani juu ya mwaka, ila wengi humweka karibu na karne ya 5 kabla ya Kristo. Buddha ni cheo, maana yake aliyeamka.

Mapokeo yanasema aliondoka nyumbani akiwa na miaka 29, akajitesa kwa njaa miaka sita mpaka akabaki mifupa, akaona njaa haimfungui. Akala, akaketi chini ya mti huko Bodh Gaya, akaamka akiwa na miaka 35. Mafunzo ya kwanza aliyatoa Sarnath, karibu na Varanasi, kwa wenzake watano. Alifundisha miaka 45, akafia Kushinagar akiwa na miaka 80.

Mafunzo yenyewe yamepangwa kama tabibu anavyopanga kazi. Kwanza ugonjwa: maisha yana mateso, na hata raha haitoshelezi kwa sababu haidumu. Pili chanzo: neno alilotumia maana yake ni kiu, ile hali ya kutaka na kuendelea kutaka. Tatu, kiu hiyo inaweza kukoma. Nne, dawa, ambayo ni njia yenye sehemu nane: uelewa, nia, kauli, matendo, riziki, juhudi, uangalifu na utulivu wa akili, vyote viwe sahihi.

Wanafunzi hukosea kuzikariri kama ngazi, wakidhani ya pili huanza ya kwanza ikiisha. Hufanywa kwa pamoja. Ile ya riziki ndiyo ningependa uitazame kwa makini. Muumini anakatazwa biashara tano: silaha, binadamu, nyama, vileo na sumu. Anayetoka pwani ambako watu waliwahi kuuzwa, Kilwa Kivinje haiko mbali nawe, haelezwi mara mbili kwa nini ya binadamu imo.

Je, Ubudha uliwahi kufika Kilwa kwa majahazi? Vigae vya China si vinapatikana kwenye magofu? — Msomaji, Kilwa Masoko

Vigae vinapatikana, ndugu yangu, ila sahani haibebi dini. Kilwa ilipostawi, wafanyabiashara waliokuja na kaskazi walikuwa Waislamu, na yaliyobaki Kilwa Kisiwani ni misikiti, majumba na makaburi. Hekalu la Kibudha la Dar es Salaam ni la mwanzoni mwa karne ya 20, kazi ya Wasinhala wa Sri Lanka waliohamia huko.

Lakini pepo hizohizo za bahari ya Hindi ziliusaidia Ubudha kwingine. Mfalme Ashoka wa India, katika karne ya 3 kabla ya Kristo, alijutia vita vya kuiteka nchi ya Kalinga, akachonga majuto yake kwenye mwamba: watu 100,000 waliuawa na 150,000 wakahamishwa. Kwa mujibu wa mapokeo, mwanawe Mahinda ndiye aliyeipeleka dini Sri Lanka. Huko mafunzo, yaliyokuwa yakihifadhiwa kwa moyo kama mahafidhi wetu wanavyoihifadhi Qurani, yaliandikwa katika karne ya 1 kabla ya Kristo, wakati wa vita na njaa, watu wakihofia kwamba waliohifadhi watakufa nayo.

Waliandika kwenye majani ya aina ya mnazi-pori yenye upana mkubwa. Jani hutolewa ujiti, huchemshwa, huanikwa na kusuguliwa mpaka lilainike. Herufi hukwaruzwa kwa kalamu ya chuma, hupakwa masizi yenye mafuta, kisha hufutwa. Weusi hubaki ndani ya mikwaruzo. Mstari ulionyooka hulipasua jani kufuata nyuzi zake. Anayesuka ukili analijua hilo bila kuambiwa.

Faxian, mtawa wa China, alikwenda India kwa miguu mwaka 399 na kurudi kwa bahari akipitia Sri Lanka. Chombo kikavuja, wafanyabiashara wakaanza kutosa mizigo, naye akahofia vitabu vyake vitafuata. Vilifika China mwaka 412.

Yule mzee mwenye kitambi anayecheka, kwenye maduka ya bidhaa za China, ndiye Buddha? — Msomaji, Masasi

Siye. Ni Budai, mtawa wa China wa karne ya 10 hivi, aliyekuwa akitembea na mfuko wa kitambaa. Sanamu ya Buddha ina mwili mwembamba, fundo utosini na ndewe ndefu, alama ya hereni nzito za ujana wake wa kifalme. Kwa karne kadhaa za mwanzo hakuchongwa kwa sura ya mtu. Walichora mti, gurudumu au nyayo. Ukienda Sri Lanka, usipige picha ukiipa mgongo sanamu yake. Wageni wameingia matatani kwa hilo.