Sokwe si nyani, wala chimpanzi si mpenzi wako

SWALI: Nimesikia kwamba neno la Kiingereza chimpanzee limetokana na Kiswahili "kimpenzi", yaani mpenzi mdogo, maana mnyama mwenyewe anapendeka. Ni kweli? Na kwa Kiswahili tumwite chimpanzi au nyani tu?

JIBU: La mpenzi tulimalize upesi. Kiswahili kikitaka kudogosha, huvua kiambishi cha mwanzo ndipo kikavisha ki-. Mtoto huwa kitoto, mlima huwa kilima, na mpenzi huwa kipenzi, neno unalolijua tangu utotoni. Hiyo m iliyobaki katikati ya "kimpenzi" imetoka wapi?

Imetoka upande wa pili wa bara, pwani ya Atlantiki, kwenye lugha za jamii ya Kikongo. Huko mnyama huyu ni kimpenzi, na Wavili, watu wa pwani hiyohiyo, humwita chimpenzi. Ki- yao na ki- yetu ya kiti na kisu ni za ukoo mmoja wa Kibantu, lakini binamu si mzazi. Mwaka 1738 jike mmoja alifikishwa London, na gazeti la huko likaandika kwamba Waangola humwita "chimpanze", kisha likatia fasiri yake: mtu bandia. Fasiri hiyo inakaririwa mpaka leo. Mimi naisikia kama sauti ya mpiga debe anayekusanya watu waje kutazama. Jina la mnyama ni jina la mnyama. Mbona hakuna anayeniuliza twiga maana yake nini?

Sasa tuje kwenye "nyani tu". Hiyo "tu" imeniharibia siku.

Nyani ana mkia. Sokwe hana. Ningeweza kuishia hapo, lakini nimekwisha kukasirika. Juzi nilikuwa nasikiliza msimulizi wa filamu ya wanyama. Kwenye picha yumo sokwe, amechutama kando ya kichuguu, anapenyeza unyasi tunduni, anautoa taratibu ukiwa umejaa mchwa, anawalamba mmoja mmoja. Msimulizi anatangaza kwa sauti nzito: "Nyani huyu ana akili sana." Akili anazo. Wa kumtilia shaka ni msimulizi.

Wapo watakaoniambia kwamba watu wanaelewa. Haya, twende Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, alikofika Jane Goodall mwaka 1960 kuwachunguza sokwe. Msitu ule una sokwe na una nyani, na watoto wao huonekana wakicheza pamoja. Lakini sokwe ni mla nyama pia, na mara nyingine hukamata mtoto wa nyani akamla. Tuseme basi: "Sokwe alimnyakua mtoto wa nyani, nyani madume wakamvamia sokwe." Kisa kizima kimo humo. Mpe msimulizi wetu akisome: "Nyani alimnyakua mtoto wa nyani, nyani madume wakamvamia nyani." Nani kamla nani? Ni ugomvi wa ndoa? Ni kesi ya urithi? Mtu aliyekuwa na maneno mawili akatupa moja asije akalalamika kwamba Kiswahili ni lugha maskini.

Na maskini gani huyu? Kuna mbega na manyoya yake meusi kwa meupe, kuna kima, kuna ngedere, kuna tumbili, kuna komba anayelia usiku. Wote hao mnawasomba kwenye gunia moja mnaloliandika "nyani". Hata methali inawakataza: nyani haoni kundule. Aliyeisema alikuwa amemtazama nyani hasa, anavyotangulia na mkia kainua, nyuma kuko wazi, pamoja na zile sugu mbili za kukalia. Najua, sokwe jike naye huvimba nyuma nyakati zake, msiniandikie barua. Mkia wa kuinua hana.

Chimpanzi je? Liandike ukitaka, silipigi marufuku. Ni mtoto wa Kibantu aliyekwenda Ulaya akarudi na lafudhi. Ila sokwe yupo, anatosha. Shida yake ni moja: gorila naye huitwa sokwe, ndiyo maana wengi husema sokwe mtu wanapomkusudia chimpanzi. Hilo nalikubali bila shingo upande, mradi usiniandikie "sokwe watu wawili". Ni sokwe mtu wawili. Mtu hapo anamwainisha sokwe, hahesabiwi. Kuhusu "masokwe" nilipigana miaka mingi: sokwe mmoja, sokwe kumi, sokwe hawa, sokwe wale. Wiki iliyopita mjukuu wangu kaja mbio akisema masokwe wako kwenye televisheni. Nikaenda kutazama. Walikuwa nyani.