Matairi manene kwenye theluji

SWALI: Kaka, nimehamia Minneapolis kutoka Eldoret. Naona watu wanaendesha baiskeli zenye matairi manene ajabu juu ya theluji. Wanafurahia nini kwenye baridi ile? Hawatelezi?

JIBU: Dada, tunateleza, ila si kama unavyodhani. Tairi lina upana wa inchi 4 au 5, na siri ni upepo mchache. Mimi huacha psi 6 hivi (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo ndani ya tairi). Theluji ikiwa laini, napunguza zaidi. (Fundi wa Eldoret angekukimbilia na pampu!) Tairi likibonyea linakanyaga eneo kubwa, halizami. Mwendo ni wa polepole, na hapo ndipo utamu ulipo: katika njia za msituni za Theodore Wirth, bustani kubwa ya hapa Minneapolis, unasikia theluji ikilia chini yako kama mtu anayetafuna bisi. Kilimani usisimame kwenye pedeli, gurudumu la nyuma litazunguka bure. Baridi? Vidole ndivyo huumia kwanza, kwa hiyo funga mifuko ya kuingizia mikono kwenye usukani. Koti lifungue kabla hujatoa jasho. Na njia zenye mifereji miwili ni za watu wa ski, wale wanaoteleza kwa mbao ndefu miguuni, usizikanyage. Kodi baiskeli kwanza, bei za dukani zinatisha.