Usiinunue hiyo soksi ya goti, mdogo wangu

Usiinunue. Nimeona picha uliyoweka, ile soksi nyeusi ya kuvuta yenye tundu mbele ya goti, nikashindwa kupita kimya. Unauliza uchukue saizi ya kati au kubwa, uvae goti moja au yote mawili, uifue kila baada ya siku ngapi, maana Jumatatu unaanza kuweka tailizi kwenye nyumba ya Sahare. Ya saizi yaache kwanza. Kitu chenyewe sicho.

Mimi ni fundi tailizi, Tanga hii hii, mwaka wa 11 sasa. Soksi kama hiyo niliinunua Ngamiani kwa elfu 15, mwaka wangu wa pili kazini, goti la kulia lilipoanza kuuma. Muuzaji akaivutavuta mbele ya macho yangu, akasema hata wachezaji mpira wanavaa. Nikimkumbuka mpaka leo damu inachemka. Mchezaji anapiga magoti akifunga bao, basi! Hakai juu ya zege kutwa nzima. Soksi ile kazi yake ni kubana kiungo na kukishika kidogo unapotembea. Uzito wako haibebi. Ukipiga goti mwili unakaa juu ya kilegesambwa, kile kifupa cha mbele ya goti, na mbele yake pana kifuko chembamba cha majimaji kinachosaidia ngozi iteleze. Hicho ndicho kinachosagwa. Kikivimba, unaona kama yai laini limewekwa chini ya ngozi.

Na kuvimba kungekuwa nafuu. Kilichoniponza ni maji ya simenti.

Tulikuwa tunaweka sakafu ya bafu, Chumbageni. Saidia fundi kachanganya udongo wa simenti majimaji, nikasema haidhuru, nikapiga magoti hivyo hivyo. Soksi ikanyonya. Na kwa kuwa inabana, ikayashikiza yale maji kwenye ngozi tangu asubuhi. Simenti mbichi haiunguzi kama moto, ukashtuka ukatoa mguu. Inakula ngozi taratibu, unakuja kujua saa kadhaa baadaye. Mchana nilisikia kuwasha, nikajua ni jasho. Jioni nikaivuta soksi, kingo zimekauka, ngumu kama mfuko wa simenti ulionyeshewa, na ngozi ikaja nayo. Lile tundu lilikuwa limejichora gotini: ukingo mwekundu mbichi, na sehemu nyingine nyeupe kama nta.

Nikapaka mafuta ya nazi, nikalala. Siku ya tatu goti ni jekundu, la moto, na homa juu. Hospitali wakachoma sindano wakavuta usaha. Vijidudu vilipita kwenye kidonda vikaingia mpaka kwenye kile kifuko. Wiki 6 sikushika mwiko. Bafu likamaliziwa na fundi mwingine, na hela ikaenda naye.

Kwa hiyo nisikilize hapa: kati ya goti lako na simenti pasikae kitu kinachonyonya maji. Soksi inanyonya. Kipande cha godoro, kile wanachoshonea ndani ya suruali, kinanyonya kuliko hata soksi. Nenda duka la vifaa vya ujenzi utafute pedi ya goti, yenye uso mpana na bapa, na povu la ndani lililo kama la ndala. Ukiwa nayo mkononi, ikandamize ndani ya ndoo ya maji dakika chache, itoe, ikamue. Ikitoa maji, mrudishie mwenyewe hapo hapo, hata akikasirika. Yenye gamba gumu la mviringo usichukue, inayumba na itakwangua tailizi za watu. Mkanda mmoja upite juu ya goti, mwingine chini, usibane pale panapokunja kwa nyuma, mguu utakufa ganzi. Ukiona imeandikwa EN 14404, hicho ni kiwango cha Ulaya cha kinga za goti kwa kazi za kupiga magoti. Aina ya 1 ni za kufunga miguuni. Ukikosa pedi kabisa, piga goti juu ya kipande kinene cha raba na uwe unahama nacho.

Na hata ukiwa na pedi, suruali ikiloa udongo usisubiri mapumziko. Ivue, suuza goti kwa maji safi yanayotiririka, dakika 20 zisipungue. Ngozi ikibadilika rangi au ikichubuka nenda hospitali siku ile ile, mafuta ya nazi yaache jikoni.

Umesema hiyo soksi muuzaji amekuwekea mpaka Jumamosi. Mpigie leo umwambie auze.